Mtu anaweza kwenda mbio kama mwangaza? Jibu linapitia Shinkolobwe

Swali hili linatufikia kwenye radio mara nyingi, zaidi sana kutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Kama mtu alifika mwezini, kama leo ndege inavuka inchi yetu kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi kwa saa mbili na kitu, ni nini kitamzuia siku moja kwenda mbio sawa na mwangaza? Wengine wanauliza kwa utani, wengine wameona katika filamu chombo kinachoruka kutoka nyota moja hadi ingine wakati watu ndani wanakunywa kahawa.

Jibu la wataalamu ni hapana. Na si ile hapana ya "mashini nzuri haijapatikana". Sababu yake iliandikwa mwaka wa 1905, na miaka 40 baadaye dunia nzima iliiona kwa macho, kwa njia ya jiwe lililochimbwa karibu na Likasi. Wakaaji wengi wa Katanga wanajua habari ya jiwe. Wachache wanajua kwamba hesabu inayotuzuia sisi kufikia mwangaza na hesabu iliyokuwa ndani ya jiwe lile ni hesabu moja.

Tuanze mbali kidogo. Zamani wasomi wengi waliamini kwamba mwangaza hauna safari: unafungua macho, nyota iko pale pale. Galileo wa Italia alitaka kupima. Alifikiri watu wawili wasimame mbalimbali usiku, kila mmoja na taa iliyofunikwa. Wa kwanza afunue yake, na wa pili akiiona tu, afunue yake naye. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1638 alikiri kwamba kwa umbali mdogo hakuna kitu kilichoonekana. Ni haki. Muda ambao mwangaza unatumia kati ya kilima na kilima ni mdogo mara maelfu kuliko muda wa mkono wa mtu kuinua kifuniko.

Aliyepata njia ni kijana wa Denmark, Ole Rømer, aliyefanya kazi Paris. Yeye hakutumia vilima, alitumia sayari ya Jupita, ile ambayo Waswahili wa pwani wanaiita Mshtarii. Moja ya miezi yake, Io, inaizunguka kwa saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko inajificha katika kivuli chake. Ni kama saa ya ukutani iliyotundikwa mbinguni. Rømer aliona kwamba wakati dunia yetu inajitenga na Jupita, saa ile inachelewa, na wakati dunia inaikaribia, inawahi. Mwaka wa 1676 aliwatangazia wakubwa wa sayansi wa Paris kwamba tarehe 9 Novemba Io ingechelewa dakika 10, na ikawa hivyo. Maana yake mwangaza unatembea, na ukiongezewa njia unachelewa kama msafiri yeyote. Mkubwa wake kazini, Cassini, hakumkubali. Mambo ya kazini hayajabadilika sana tangu wakati ule.

Mwaka wa 1849 Mfaransa Hippolyte Fizeau aliufanya mwangaza upimwe hapa hapa ardhini. Aliweka taa Suresnes na kioo Montmartre, umbali wa mita 8,633. Mbele ya taa akaweka gurudumu lenye meno 720. Mwangaza ulipita katika nafasi kati ya jino na jino, ukaenda kwenye kioo, ukarudi. Gurudumu likizunguka polepole, mwangaza unarudi na kupita katika nafasi ile ile. Fizeau aliongeza mbio, na ilipofika mizunguko kama 12.6 kwa sekunde, mwangaza uliporudi ulikuta jino limekwisha kuziba njia, giza likaingia. Kwa hesabu hiyo alipata karibu kilometa 313,000 kwa sekunde. Alikosea kidogo tu. Leo namba inayokubaliwa na inchi zote tangu mwaka wa 1983 ni mita 299,792,458 kwa sekunde, bila kuongeza wala kupunguza. Ni kuzunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja.

Sisi watu wa radio tuna sababu ya kupenda namba hii. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell wa Scotland aligundua kwa hesabu kwamba mwangaza ni mawimbi ya umeme na sumaku, na karibu miaka 20 nyuma yake Mjerumani Heinrich Hertz akatengeneza mawimbi ya namna hiyo ambayo jicho haliyaoni. Hayo ndiyo mawimbi ya radio. Kwa hiyo sauti ya msomaji wa habari, ikishatoka kwenye anteni, inakwenda mbio ya mwangaza wenyewe. Kinshasa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa njia ya anga. Wimbi linazimaliza kwa sehemu tano za sekunde iliyokatwa mara elfu. Sauti ya mtu inaweza. Mwili wake ndio hauwezi.

Kwa nini? Hapa anaingia Albert Einstein, mwaka wa 1905, kijana wa miaka 26, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya Uswisi mjini Bern iliyochunguza maombi ya watu waliovumbua vitu. Mbele yake, mwaka wa 1887, Wamarekani wawili, Michelson na Morley, walitafuta kama mwangaza unaongeza au kupunguza mbio kulingana na mwendo wa dunia, namna mtumbwi unavyokwenda haraka ukifuata maji na polepole ukipambana nayo. Hawakuona tofauti. Einstein alikubali jambo hilo kama lilivyo: ukimbie kuufuata mwangaza, ukimbie kuukimbia, utaukuta na mbio ile ile. Kutokana na hapo alitoa mambo mawili ambayo mpaka leo yanasumbua akili.

La kwanza ni juu ya uzito. Einstein alionyesha kwamba nguvu ina uzito wake. Ukikisukuma kitu kiende mbio, nguvu uliyokipa inabaki ndani yake na kukifanya kiwe kigumu zaidi kusukuma. Kwa mwendo wetu wa kila siku, wa gari au ndege, hatuoni chochote. Lakini ukikaribia mbio ya mwangaza mambo yanageuka. Watu wa Goma watanielewa: ni kama chukudu ambayo kila ukiisukuma, mtu asiyeonekana anaongeza gunia la makala juu yake. Unasukuma zaidi, anaongeza zaidi. Unakwenda haraka kidogo, kisha kidogo sana, kisha karibu si kitu, na magunia yanapanda. Ili kufika mbio ya mwangaza kabisa, ungehitaji nguvu isiyo na mwisho, na nguvu ya namna hiyo haipo katika mbingu zote.

Hayo si maneno ya kitabuni tu. Mwaka wa 1964 William Bertozzi wa Marekani alichapisha jaribio rahisi lililofanywa kwa elektroni, chembe ndogo sana za umeme. Alizisukuma kwa nguvu fulani, zikafika asilimia 87 hivi ya mbio ya mwangaza. Akaongeza nguvu mpaka mara 30. Kwa hesabu ya zamani, ile tuliyofundishwa shuleni, elektroni zile zingepita mwangaza zaidi ya mara saba. Hazikupita. Zilifika pale karibu na mwangaza, zikabaki pale, na nguvu yote ilipatikana kama joto mahali zilipogonga. Leo kule CERN, karibu na Geneva, kuna mtambo uliochimbiwa chini ya ardhi, wa mzunguko wa kilometa 27. Ndani yake protoni zinazunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Pamoja na umeme wote huo, bado zinashindwa na mwangaza kwa karibu mita 3 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayekimbia mazoezi asubuhi. Mita zile 3 ndizo zisizokwisha.

Sasa tufike Shinkolobwe. Kama nguvu ina uzito, basi kinyume chake pia ni kweli: uzito ni nguvu iliyolala. Einstein aliandika hilo mwaka ule ule wa 1905. Ukitaka kujua ni nguvu kiasi gani imelala ndani ya kitu, chukua uzito wake, uzidishe kwa mbio ya mwangaza, kisha uzidishe tena kwa mbio ya mwangaza. Kwa sababu mbio hiyo ni kubwa namna ile, uzito mdogo sana una nguvu ya kutisha. Ukuta unaomzuia msafiri na moto uliolala ndani ya jiwe vinatoka katika namba moja.

Jiwe la Shinkolobwe, karibu na Likasi, lilitambuliwa na wazungu mwaka wa 1915. Kampuni ya Union Minière ililichimba kwanza kwa ajili ya radiamu, dawa ya bei kali wakati ule. Uraniamu ilionekana karibu kama takataka. Na ilikuwa tajiri kupita kiasi: mahali pengine duniani mawe yenye uraniamu chini ya asilimia moja yanachimbwa kwa furaha, lakini kulikuwa na mawe ya Shinkolobwe yaliyofika asilimia 65.

Mwaka wa 1938 huko Berlin ilijulikana kwamba atomu ya uraniamu inaweza kupasuliwa. Mwaka uliofuata, mwanafizikia Leo Szilard, aliyewakimbia Wanazi, alikwenda kumwona Einstein huko Marekani. Watu wengi wanasimulia kwamba alikwenda kwa ajili ya barua kwa Rais Roosevelt. Lakini wazo la kwanza lilikuwa juu ya Kongo. Einstein alijuana na Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, na Szilard alitaka Wabelgiji waonywe mapema ili uraniamu ya Kongo isianguke mikononi mwa Hitler. Barua kwa Roosevelt, ya tarehe 2 Agosti 1939, ilikuja nyuma yake, na ndani yake Kongo ya Wabelgiji inatajwa kwa jina kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote.

Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kunusa hatari. Mwaka wa 1940 alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale hadi New York, yakawekwa katika mapipa kwenye depo ya Staten Island. Yalikaa pale karibu miaka miwili. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani alifika ofisini kwa Sengier kutafuta uraniamu, akaambiwa iko mjini humu humu. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mpango wa bomu ilitoka kwetu. Vitabu vinamtaja Sengier, vinataja medali aliyopewa na Wamarekani. Waliobeba mawe yale kwa mikono yao hawatajwi.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa Hiroshima. Lilikuwa na kilo 64 za uraniamu. Katika hizo, chini ya kilo moja tu ndiyo iliyopasuka, na uzito uliogeuka kabisa kuwa nguvu haukufika gramu moja. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu wanaokadiriwa kuwa 140,000 walikuwa wamekufa.

Nilikaa na karatasi na kalamu kwa ajili ya wanafunzi wetu. Chukua mtu mmoja wa kilo 70. Msahau chombo, msahau chakula na maji, chukua mwili wake peke yake. Kumfikisha asilimia 90 ya mbio ya mwangaza kunahitaji nguvu ya mabomu kama 130,000 ya aina ya Hiroshima. Kwa asilimia 99 yanakuwa kama 610,000. Kwa asilimia 99.9 yanapita milioni mbili. Na bado kuna kumsimamisha akifika, ambako kunadai nguvu sawa na hiyo. Ndiyo bei ya mwangaza, na mbele inazidi kupanda.

La pili ambalo Einstein alitoa ni juu ya wakati, nalo kwangu mimi ni gumu zaidi kulimeza. Anayekwenda mbio sana, saa yake inapita polepole. Mwaka wa 1911 Mfaransa Paul Langevin alitoa mfano. Mtu apande chombo kinachokaribia mbio ya mwangaza, kikipungukiwa tu na sehemu moja kati ya 20,000. Aende mwaka mmoja kwa saa yake, arudi mwaka mmoja. Akifika nyumbani atakuta miaka 200 imepita. Tuiweke kwetu: kama mtu angeondoka kwa safari hiyo mwaka wa 1885, mwaka Leopold II alipoitwaa inchi hii, basi angerudi mwaka wa 2085, akiwa amezeeka miaka miwili tu. Angeuliza njia ya kwao, na nani angeelewa jina la kijiji chake? Watoto aliowaacha, wajukuu wao, vita zote, majina yote ya inchi, yote yangekuwa yamepita bila yeye. Wanaotamani safari hii mara nyingi wanafikiri juu ya nyota. Sijaona wakifikiri juu ya mama aliyebaki mlangoni.

Jambo hilo nalo limepimwa. Oktoba 1971 Wamarekani Hafele na Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za atomu, wakazunguka dunia kuelekea mashariki, kisha magharibi. Waliporudi, saa zilitofautiana na zile zilizobaki, kwa kiasi kidogo mno, lakini sawa na hesabu. Mrusi Sergei Krikalev, aliyekaa angani siku 803 kwa safari zake zote, amezeeka pungufu yetu kwa kama sehemu mbili za sekunde iliyokatwa mara mia. Huyo ni msafiri wa kweli kwenda kesho. Hakufika mbali.

Kuna waliotumaini kwamba ukuta utapasuka. Septemba 2011 wataalamu walitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo zilizotumwa kutoka CERN hadi Gran Sasso huko Italia, kilometa 730, zilifika mbele ya mwangaza kwa sehemu 60 za sekunde iliyokatwa mara bilioni. Magazeti ya dunia yalipiga kelele. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kebo moja haikufungwa vizuri. Wataalamu wale walikuwa wameomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa, lakini katika vichwa vya habari ombi hilo halikuonekana sana. Kuna pia Miguel Alcubierre wa Mexico, ambaye mwaka wa 1994 aliandika hesabu ya kukunja anga lenyewe mbele ya chombo na kulikunjua nyuma. Hesabu inakubali. Inachodai ni nguvu iliyo chini ya sifuri, na hakuna mahali pa kuichimba, hata Katanga.

Na binadamu amefikia wapi? Mbio kubwa kuliko zote ambazo watu wamewahi kwenda ni za Apollo 10, Mei 1969, wakirudi kutoka mwezini: kilometa 39,897 kwa saa. Kwa mwendo ule Kinshasa hadi Lubumbashi ni chini ya dakika mbili na nusu. Lakini mwangaza unawashinda karibu mara 27,000. Nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, mwangaza unaifikia kwa miaka 4 na miezi michache. Wale wa Apollo 10 wangehitaji zaidi ya miaka 114,000. Chombo kisicho na mtu, Parker, kilipita karibu na jua Desemba 2024 kwa kilometa 692,000 kwa saa. Hata hicho hakifiki sehemu moja kati ya elfu ya mbio ya mwangaza.

Inchi yetu haikukosa kabisa kwenye barabara hiyo. Tarehe 17 Mei 1977 kampuni ya Wajerumani, OTRAG, iliyopewa na Mobutu eneo kubwa sana katika Shaba, ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka upande wa Manono. Mwaka wa 1979 Mobutu aliwasimamisha, majirani na wakubwa wa dunia wakiwa wameshaogopa roketi zile. Lakini mwaka ule ule wa 1977, Septemba, Wamarekani walirusha Voyager 1, chombo kilicho mbali nasi leo kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa mtu. Kinakwenda kilometa 17 kwa sekunde. Ishara yake ya radio, ikija kwa mbio ya mwangaza, inatumia zaidi ya saa 23 kutufikia.

Ubavuni mwake kuna sahani iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa lugha 55, na Kiswahili hakimo. Lakini katika nyimbo zilizochaguliwa umo mmoja wa sekunde 56, ulionaswa katika msitu wa Ituri: wasichana wa Bambuti wakiimba wakati wa kuingizwa utu uzima. Kwenye orodha ya nyimbo hizo, mahali pa inchi, imeandikwa Zaire.